Nani Alilipa Safari ya Antrenere?



Kwenye kikao kilichopita, maombi matatu yalifika pa meza ya komite. Yote yalitoka kwa vijana wanaofundisha mupira: mumoja alirudi kutoka Afrika ya Kusini, mwingine Zambia, mwingine Dubai. Wote watatu wanaomba mkopo kwenye mfuko wetu wa likelemba ili walipe ajansi inayosema itawapatia kontra na viza ya antrenere huko Bulaya. Komite iliniomba niandike kitu kabla ya kukata shauri. Mimi nilisoma historia kule Unilu, sasa nafanya kazi ya kutembelea familia za waliorudi, na ninajua ya kuwa mtu akishaweka kichwani kusafiri, kumwambia "usiende" ni bure. Kwa hiyo sikuuliza kama ni vizuri kwenda. Nilijiuliza jambo moja tu: katika muji wetu, ambamo makocha wamekuwa wakiingia na kutoka kwa miaka karibu mia moja, nani alilipa safari?

Mwanzoni jibu ni jepesi: shirika la dini. Katika miaka ya 1920, padre mbenediktini Grégoire Coussement ndiye aliyepanga mashindano ya timu za Waafrika hapa Élisabethville. Mwaka wa 1939, wabenediktini wa Institut Saint-Boniface walianzisha timu ya wanafunzi wao, ile ambayo leo tunaiita TP Mazembe. Mwaka uleule Lupopo ilizaliwa upande wa watu wa reli. (Wapenzi wa Lupopo wasinikasirikie, habari za mashindano ya Afrika zitanilazimisha kutaja Mazembe mara nyingi.) Kufundisha mupira hakukuwa kazi ya mshahara. Padre alitumwa na wakubwa wake, akafundisha mupira jinsi alivyofundisha katekisimu.

Nyuma ya uhuru, mlipaji akawa serikali. Congo ilipochukua Kombe la Afrika kule Addis Ababa mwaka wa 1968, kocha alikuwa Mhungaria, Ferenc Csanádi, na goli la ushindi juu ya Ghana lilifungwa na Pierre Kalala, mtoto wa Mazembe. Kisha akaletwa Blagoje Vidinić wa Yugoslavia. Huyu hakutafuta Zaïre kwa kupiga mlango. Alikuwa amepeleka Maroko kwenye Kombe la Dunia la Mexico mwaka wa 1970, kazi yake ikaonekana, serikali ya Mobutu ikamwita. Mwaka wa 1974 alitupa Kombe la Afrika kule Misri, akatufikisha Ujerumani, inchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Alipomaliza hapa, miaka michache kisha, alikuwa anafundisha timu ya taifa ya Colombia. Kila mahali alipofika, waliomutaka ndio waliomutafuta.

Lakini wakati ule mlango ulifunguka upande mumoja tu. Kabla ya uhuru na mara kisha uhuru, wachezaji wetu walikuwa wameanza kujijengea jina huko Bulaya: Léon Mokuna alikwenda Sporting ya Lisbon mwaka wa 1954, kisha Gent, Paul Bonga Bonga alicheza Standard ya Liège, Julien Kialunda alifika mpaka Anderlecht. Mwaka wa 1966 Mobutu aliita wachezaji waliokuwa Ubelgiji warudi kusaidia taifa, kisha akafunga njia ya kutoka. Ndiyo sababu timu yote ya 1974 ilikuwa ya watu wanaocheza hapa kwetu. Wale wa Bulaya walikuwa waliorudi kama sisi, isipokuwa hakuna aliyewauliza kama wako tayari kurudi. Na ile kazi ambayo waliitiwa watu ilishia namna gani? Ilunga Mwepu, wa Mazembe, alieleza mara nyingi mbele ya kifo chake mwaka wa 2015 ya kuwa kule Ujerumani wachezaji walijua hawatapata feza walizoahidiwa, na roho ya kucheza ikapungua. Tukapigwa 9-0 na Yugoslavia. Watu wanacheka goli tisa mpaka leo, wanasahau mshahara.

Tangu mwaka wa 1997, Moïse Katumbi aliposhika Mazembe, mlipaji akawa kilabu chenyewe. Diego Garzitto alichukua Ligi ya Mabingwa mwaka wa 2009. Lamine N'Diaye, Msenegali, aliichukua tena mwaka wa 2010 na kufika finali ya dunia kule Abu Dhabi, ambako Inter ya Milano ilitushinda 3-0. Patrice Carteron alikuwa amefikisha Mali nafasi ya tatu kwenye Kombe la Afrika la 2013 mbele ya kuitwa hapa, akaleta kombe mwaka wa 2015. Hata Wazambia kama Rainford Kalaba na Stoppila Sunzu walipita Kasumbalesa kuja kula mkate Kamalondo. Sisi wenyewe ni Bulaya ya wengine, tunasahau hilo haraka. Na Pamphile Mihayo, aliyekuwa kapiteni, alibakia nyumbani, akashinda Kombe la Shirikisho mwaka wa 2017 akiwa kocha.

Wakongomani wanaofundisha inje wako pia. Raoul Shungu alifundisha Rayon Sports ya Kigali na Yanga ya Dar es Salaam. Mwinyi Zahera alifika Yanga mwaka wa 2018. Florent Ibenge ndiye mfano mkubwa: alianza kwenye vilabu vidogo vya kaskazini ya Ufaransa, akarudi, akafikisha V.Club finali ya Afrika mwaka wa 2014, akachukua CHAN ya 2016 kule Kigali, na baadaye tu Berkane ya Maroko ikamwita, akachukua nayo Kombe la Shirikisho mwaka wa 2022. Kutoka hapo alikwenda Al Hilal ya Omdurman. Vita ilipolipuka Sudan Aprili 2023, kilabu kikawa mkimbizi, kikacheza mpaka kwenye ligi ya Mauritania, na yeye pamoja nacho. Kwa hiyo hata kontra nzuri haikuhakikishii utalala wapi.

Sasa nirudi kwa vijana wetu. Mumoja alikwisha kulipa ajansi fulani dola 900 mwaka uliopita, feza za dada yake. Nilimkuta kwenye uwanja wa vumbi Katuba, anafundisha watoto arobaini na mipira mitatu. Akaniambia: "Yaya, banasema viza iko njiani. Mi niko nangoya tu. Sasa banaomba tena mia tano ya dosie." Nilimuuliza jina la kilabu kitakachomwajiri. Hakulijua.

Hapo ndipo historia inanipa mashaka. Tangu padre Coussement mpaka Ibenge, sioni hata kocha mumoja ambaye alipata kazi bila kujua jina la timu. Na sheria za leo zinafuata njia ileile. Uingereza, kwa mfano, kocha wa mupira anahitaji kilabu chenye ruhusa ya serikali ya kudhamini wageni, na barua ya kukubaliwa kutoka shirikisho la mupira la kule. Orodha ya wadhamini iko wazi kwenye intaneti, kuiangalia hakulipishwi. Ufaransa, anayefundisha mchezo kwa mshahara lazima awe na diplome inayotambuliwa na serikali. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka wa 1997, unakataza ajansi kutoza mfanyakazi feza. Na tangu Januari 2021 FIFA ina kanuni juu ya makocha: kilabu hakiwezi kusaini kontra na kisha kusema haina nguvu kwa sababu kibali cha kazi hakikutoka. Kutafuta karatasi ni mzigo wa kilabu.

Kwa hiyo maoni yangu kwa komite ni haya, na ninajua wengine hawatayapenda. Mkopo wa ajansi, hapana, hata kwa yule aliyekwisha kulipa, hasa yeye. Mkopo wa kulipia mafunzo ya lisansi ya CAF, kuanzia C, ndiyo, kwa wote watatu, warudishe kwa miezi ile tunayowapa wenye biashara ndogo. Lisansi hiyo haifungui mlango wa London. Lakini bila karatasi hizo, Kitwe, Ndola na Dar es Salaam hawatasoma hata barua yako, na Kitwe mtu anaweza kwenda kujionyesha kwa basi.

Mama muhazini anasema feza zilizoko zinatosha watu wawili tu. Yule wa Katuba ameandika barua ya pili: anaomba mkopo wa lisansi, na dola mia za kumrudishia dada yake kidogo kidogo. Faili zote ziko kwa katibu, na kikao ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao.