Kabla Meza Haijafika Kiogoro

Kiogoro ni wadi ya Nyaribari Chache, si mbali na mji wa Kisii. Ukitaka kuanzisha mabishano hapo, uliza nani ndiye mchezaji mkali zaidi wa pool. Utapewa majina kumi kabla chai haijapoa. Sasa uliza nani aliileta meza, nani hubadilisha kitambaa kikichanika, nani hulipia kibali cha kaunti. Watu watakutazama tu. Mchezaji ana jina. Mwenye meza ni "yule mzee wa meza," anayekuja na funguo, anafungua kisanduku, anahesabu mbao mbao na mwenye baa, wanagawana, kisha anapanda pikipiki na kwenda zake.

Nilimjua mzee mmoja wa aina hiyo kwa sababu aliniajiri. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, nikarudi nyumbani, na kwa miezi kadhaa kazi yangu ilikuwa kuchunga meza zake mbili: kupanga foleni, kuamua ugomvi, kuhakikisha chaki haiendi na mtu mfukoni. Kukiwa hakuna wateja nilisoma kwenye simu. Ndivyo nilivyogundua kwamba kuna nchi ambako watu kama mzee wangu huwekwa kwenye ukumbi wa heshima.

Ukumbi huo uko Marekani, nao ulianzishwa mwaka wa 1966 na baraza la mchezo huo, Billiard Congress of America. Una milango miwili. Wa kwanza ni wa wachezaji. Wa pili ni wa waliotumikia mchezo bila lazima ya kuwa mabingwa: waunda meza, waandaaji, wafanyabiashara.

Kwa mlango huo wa pili aliingia Michael Phelan, mzaliwa wa Ireland. Mwaka wa 1850 alitoa kitabu cha kufundisha biliadi, na mwaka wa 1859 akacheza mechi ya dau la dola 15,000 mjini Detroit dhidi ya John Seereiter, akashinda. Lakini Phelan alikuwa pia muuzaji wa meza. Kila mechi yake ilikuwa tangazo, na kila tangazo lilimletea mteja. Yuko pia John Brunswick, fundi mbao kutoka Uswisi aliyekuwa akiunda magari ya farasi huko Cincinnati kabla ya kuanza kuunda meza mwaka wa 1845. Kampuni yenye jina lake ipo mpaka leo.

Hapa ndipo hadithi inapogeuka na kuja kwetu. Siku hizo mipira ilichongwa kwa pembe za ndovu. Pembe moja ilitoa mipira michache tu, na pembe iliyosifiwa zaidi kwa kazi hiyo ilikuwa ile laini ya Afrika Mashariki. Soko lake kubwa lilikuwa Unguja. Wamarekani waliwekeana mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka wa 1833, wakafungua ubalozi mdogo huko mwaka wa 1837. Misafara ilitoka pwani ikaenda bara miezi na miezi, ikarudi na pembe mabegani mwa wapagazi na mwa watu waliotekwa. Tajiri wa biashara hiyo, Tippu Tip, tunamkumbuka hata kwa maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili. Wapagazi wake wengi hatuna majina yao.

Kwa hiyo mtu akiniambia pool ni mchezo wa kigeni uliokuja juzi kuharibu vijana, mimi humwambia polepole: mchezo huu ulibebwa na mabega ya huku kabla baba zetu hawajazaliwa. Tulichochelewa kupata ni zamu ya kucheza.

Zamu hiyo ilihitaji mpira wa bei nafuu. Pembe zilipozidi kuwa ghali, kampuni ya Phelan na mwenzake Collender ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu mbadala. Kijana mmoja mpiga chapa, John Wesley Hyatt, alianza majaribio, na mwishoni mwa miaka ya 1860 akapata seluloidi, mojawapo ya plastiki za kwanza kabisa duniani. Naye yumo kwenye ukumbi ule. Tajiri alitaka kuokoa faida yake, si ndovu, lakini kitu alichochochea kikafungua mlango ambao mwisho wake ni Kiogoro.

Hatua nyingine ilikuwa meza ya sarafu. Ukiitazama vizuri ni akili ya biashara iliyofichwa ndani ya mbao. Unasukuma sarafu, mipira inaanguka. Kila mpira unaoingia shimoni unafungiwa ndani, isipokuwa mweupe, ambao hurudi kwa sababu ukubwa au uzito wake ni tofauti. Hakuna keshia, hakuna saa ya kuhesabu dakika. Meza inajikusanyia pesa yenyewe. Ndiyo maana inaweza kuishi kwenye baa ndogo ya kijijini ambako hakuna mtu angeweza kulipa mshahara wa karani.

Lakini sifa mbaya nayo ilisafiri pamoja na meza. Lenyewe neno "pool" lilihusu dau la pamoja. Karne ya kumi na tisa, Marekani, vyumba vya pool vilikuwa mahali pa kubetia farasi, na meza ziliwekwa ili watu wapitishe muda kati ya mbio na mbio. Kamari ilikuwa ya farasi, jina baya likabaki kwa meza. Mwaka wa 1961 ikatoka filamu ya The Hustler, na vijana wakajaa kwenye vyumba vya pool. Mwaka huo huo, ndugu wawili, George na Paulie Jansco, walianza mashindano huko Johnston City, mji mdogo wa Illinois, wakiwaleta hadharani wachezaji waliokuwa wakijificha ili wawale watu pesa. Mwaka wa 1972 maafisa wa serikali kuu walivamia kwa sababu ya kamari, na mashindano yakaisha.

Sisi neno hilo tumelipa maana nyingine. Hapa hasla ni mtu anayehangaika kutafuta riziki; hata serikali ilizindua mfuko wa mikopo wenye jina hilo mwaka wa 2022. Chifu akipita mchana akakuta vijana mezani, hata hivyo, anaona maana ile ya zamani.

Na mwenye meza ndiye anayeumia. Sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, ilibana saa za baa, na meza iliyo ndani ya baa ikabanwa nayo. Machi 2020 korona ilifunga baa hadi mwisho wa Septemba. Miezi sita kisanduku kitupu. Mzee wangu alifunika meza zake kwa turubai la kuanikia mahindi, akawa anazizuru kama mtu anayejulia hali mgonjwa.

Je, tumheshimu? Mimi nasema ndiyo, lakini heshima yenye hesabu. Terry Bell na Larry Hubbart waliingia ukumbini mwaka wa 2010 kwa kuanzisha ligi ambayo mchezaji dhaifu hupewa nafuu ya kimahesabu ili aweze kushindana na mkali. Waliuza mchezo, kweli, ila walimpa mtu wa kawaida timu, ratiba na sababu ya kurudi Jumanne. Barry Hearn wa Uingereza, aliyeanzisha Kombe la Mosconi mwaka wa 1994, aliwapa wachezaji jukwaa la televisheni. Jirani zetu wameonja hilo: Tanzania bia ya Safari Lager ilidhamini mashindano ya taifa, na Uganda Nile Special ikadhamini ligi. Sawa, walikuwa wakiuza bia. Lakini kijana alipata jezi, na mechi ikapata refa.

Kipimo changu ni hicho: aliyechukua sarafu aliacha nini mezani? Mzee wangu aliacha kitambaa kizima, fimbo zilizonyooka, na sheria moja aliyoiandika ukutani kwa makaa: mwanafunzi mwenye yunifomu hachezi. Aliisimamia hata siku ambazo mbao za wanafunzi zingemlipia kodi. Tukianzisha ligi ya wadi, Kiogoro, Keumbu, Birongo, Ibeno, ninaomba kombe la mchezaji liwe dogo kidogo, pesa ibaki ya kununua la pili. Hilo apewe mtu wa funguo.