Mshipa Uliogeuzwa Juu Chini

Mguu usiopata damu humnyima mtu usingizi. Maumivu huzidi anapolala, naye huuning'iniza nje ya kitanda ili damu kidogo ishuke kwa uzito wake. Vidole hugeuka rangi, kidonda kidogo hukataa kupona, kisha nyama huanza kufa. Mwanamume wa miaka 54 aliyepasuliwa na daktari Jean Kunlin mjini Paris tarehe 3 Juni 1948 alikuwa amefika huko: alishakatwa kidole gumba cha mguu, na kidonda hakikufunga.

Tiba ya siku zile ilikuwa kukata mishipa ya fahamu ili vijishipa vya damu vitanuke, au kukiondoa kabisa kipande cha ateri kilichoziba. Hayo yakishindikana, ulibaki msumeno. Kunlin alikiacha kizibo mahali pake. Alitoa vena ndefu ipitayo chini ya ngozi, upande wa ndani wa mguu wa mgonjwa mwenyewe, akaigeuza juu chini na kuishona kwenye ateri, ncha moja juu ya kizibo na nyingine chini yake. Damu ikapata barabara ya mchepuko.

Aliigeuza kwa sababu vena hurudisha damu moyoni, na ndani yake mna vilango vinavyofunguka kuelekea juu tu. Ikiachwa ilivyokaa, vilango hivyo huizuia damu inayoshuka. Ikigeuzwa, hufunguka kuelekea unyayoni. Isitoshe, Kunlin hakuikata ateri. Alitoboa ubavu wake na kuishonea vena hapo, ili vijishipa vya pembeni vilivyokuwa vikiulisha mguu kwa shida visidhurike. Hiyo ndiyo busara kubwa ya kazi yake: ikiwa mchepuko ungeziba, mgonjwa asingepoteza hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Ufundi wenyewe wa kushona mishipa ulitoka Lyon. Mwaka 1894 Rais Sadi Carnot wa Ufaransa alichomwa kisu mjini humo. Kisu kilikata mshipa mkubwa uingiao kwenye ini, na madaktari hawakuwa na njia ya kuuziba, naye akafa. Kifo hicho kilimuuma Alexis Carrel, kijana aliyekuwa akisomea udaktari mjini humo. Sindano nene huacha matundu, na damu huganda penye kila jeraha la mshipa. Carrel akaenda kwa Madame Leroudier, fundi wa kutarizi, akajifunza kutumia sindano nyembamba mno na uzi wa hariri. Mwaka 1902 alichapisha mbinu yake: mdomo wa mshipa huvutwa kwa nyuzi tatu hadi duara liwe pembetatu, kisha kila ukingo hushonwa ukiwa umenyooka. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1912. Jina la fundi yule linastahili kuandikwa karibu na lake, kwa maana mkono uliofundisha ulikuwa wa mama huyo.

Kutoka mbinu hiyo hadi mguu wa Paris ilipita miaka 46. Ilibidi kwanza ipatikane heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo chanzo chake kiligunduliwa Baltimore mwaka 1916 na mwanafunzi Jay McLean. Ilibidi pia kizibo kionekane: mwaka 1929 daktari Reynaldo dos Santos wa Lisbon alipiga picha za eksirei za ateri kuu zikiwa zimejazwa dawa inayoonekana.

Vita navyo vilifundisha. Katika Vita Kuu ya Pili, takriban nusu ya askari wa Marekani waliokatika ateri kubwa za viungo walipoteza kiungo, kwa kuwa mishipa ilifungwa tu. Katika vita vya Korea, ilipoanza kushonwa, idadi hiyo ilishuka hadi asilimia 13 hivi. Kule Houston, daktari Michael DeBakey alishona mirija ya kitambaa cha Dacron kwa cherehani nyumbani kwake. Ilifaa sana kwa ateri kuu ya tumboni, lakini chini ya goti vena ya mgonjwa mwenyewe haikupata mshindani.

Mwaka 1964, mjini Portland, daktari Charles Dotter alitanua ateri ya mwanamke wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Alipitisha mirija ndani ya mshipa bila kupasua, na mama huyo akaishi miaka yake ya mwisho akitembea kwa miguu yake miwili. Wengi waliamini siku za sindano zinahesabika. Kisha mwaka 2022 yakatoka matokeo ya utafiti wa BEST-CLI uliohusisha wagonjwa 1,830: wenye vena nzuri waliofanyiwa mchepuko walipata nafuu zaidi ya waliotanuliwa mishipa kwa ndani.

Ndiyo maana, kabla ya upasuaji, daktari huipitisha mashine ya ultrasaundi kwenye mguu kutoka kinenani hadi kifundoni, akiitafuta vena ileile aliyoigeuza Kunlin, na kuichora njia yake juu ya ngozi kwa kalamu ya wino.