Nipe Mji: Mashindano ya Fumbo na Mabingwa Wake Katika Pwani ya Mrima

Watu wengi wa leo wakisikia habari za mashindano ya maswali na majibu, fikira zao huenda moja kwa moja kwenye televisheni: watu mashuhuri wameketi nyuma ya meza, mwongozaji ana maneno matamu, na watazamaji wanapiga makofi. Hudhani pia kwamba mchezo huo tuliletewa kutoka ng'ambo pamoja na chombo chenyewe. Nusu ya dhana hiyo ni kweli. Chombo kilitoka ng'ambo. Mchezo wenyewe tulikuwa nao, tena ulikuwa na kanuni zake, tuzo yake, waamuzi wake na mabingwa wake waliovuma. Makala haya yanakusudia kufuata safari ya mchezo huo kutoka mkekani hadi kwenye kioo, na kupima kile ulichopata njiani na kile ulichopoteza.

Katika pwani ya Mrima, kuanzia Kunduchi na Mbweni, kupita Mapinga, Kaole na Bagamoyo, hadi Winde na Saadani, mchana ulikuwa wa kazi na usiku ulikuwa wa maneno. Baada ya chakula mkeka ulitandikwa, na mmoja akaanza: "Kitendawili!" Wote wakaitikia: "Tega!" Naye akatega: "Po pote niendapo anifuata." Aliyekuwa mwepesi alijibu, "Kivuli," na zamu ikaendelea. Lakini waliposhindwa wote, mtegaji alitoa dai ambalo ndilo kiini cha mchezo: "Nipeni mji."

Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Walioshindwa walitaja mji: Pangani, Tabora, Ujiji, Unguja. Mtegaji alikuwa na haki ya kuukataa. "Pangani nimekwenda jana, sitaki." Waliongeza mwingine, na mwingine, mpaka aliporidhika. Ndipo aliposimulia safari yake katika mji huo, akaeleza alivyopokewa na aliyoyaona, na mwisho wa masimulizi akafungua fumbo. Sisi tuliokulia pwani tunamkumbuka mtegaji mmoja, mzee mvuvi, aliyekataa kila mji usiokuwa na bandari. Watoto tulilazimika kuzijua bandari zote ili tupate jawabu lake. Tunawakumbuka pia bibi zetu walioketi kando, wakisuka ukili, ambao hawakutega wala kujibu ila palipotokea ubishi. Neno lao lilikuwa hukumu. Hao ndio waliokuwa jopo letu la watu mashuhuri, na umashuhuri wao haukutokana na sura bali na kujua kwao.

Msomaji na atazame jambo hili kwa makini. Tuzo ya mchezo haikuliwa wala haikuwekwa mfukoni. Mshindi alipewa mji ambao hakuna aliyeweza kumkabidhi, naye akaurudisha palepale kwa njia ya hadithi. Walioshindwa waliondoka na mambo mawili, jawabu la fumbo na habari za mji. Si ajabu kwamba mchezo wa namna hii ulistawi Bagamoyo, mji uliokuwa mwisho wa njia kuu ya misafara kutoka Tabora na Ujiji. Majina ya miji ya bara yalifika pwani katika vinywa vya wapagazi kabla hayajaandikwa katika ramani za shule.

Mwana wa eneo hili hili ndiye aliyetuachia mojawapo ya maandishi makubwa ya kwanza kuhusu desturi zetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyezaliwa Dunda karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ilitoka katika kalamu yake. Humo michezo na ngoma zimepewa nafasi pamoja na ndoa, mazishi na sheria. Mtoro hakuyaona mambo hayo kuwa ya kitoto. Aliyaweka mahali pake, miongoni mwa mambo yanayoifanya jamii kuwa jamii.

Kitendawili kilikuwa mchezo wa nyumbani. Ndugu yake mkubwa alikuwa ni malumbano ya washairi, ambayo yalikuwa mchezo wa miji. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana beti wakati miji yao ilipokuwa ikihasimiana kwa silaha. Shairi moja lilivuka bahari kama swali, na lingine likarudi kama jawabu. Wananchi wa pande zote mbili wakawa ndio waamuzi. Aliyeshindwa kufumbua fumbo la mwenzake aliuaibisha mji mzima.

Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, malumbano yalipata baraza jipya. Mshairi wa Tanga aliuliza, wa Bagamoyo akajibu, na wa Ujiji akaingilia kati kuwasuluhisha, ingawa watu hao huenda hawakupata kuonana maishani. Wengi wao walikuwa makarani, walimu na mahakimu. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Ukurasa wa mashairi uliwafanya watu wa kazi za kawaida kuwa mashuhuri nchi nzima kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba walijua kuuliza na kujibu kwa vina na mizani.

Kisha ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na mwaka 1965 kituo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam chini ya Serikali. Kizazi chetu kilikua mbele ya chombo hicho. Jirani mwenye redio hakuwa na faragha. Ua wake ulikuwa wa wote. Tulimjua Deborah Mwenda kwa sauti yake katika kipindi cha Mama na Mwana, tukacheka pamoja na Pwagu na Pwaguzi, na tukasubiri mashairi yasomwe ili tumsikie nani amemjibu nani. Hatukuwa tumeona uso wa hata mmoja wao. Lakini kwetu sisi walikuwa wageni wa kila juma, na mtoto aliyeweza kuigiza sauti zao aliheshimiwa shuleni.

Shule nazo hazikubaki nyuma. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi waieneze siasa ya nchi kwa sanaa yao. Mathias Mnyampala, hakimu na mshairi wa Dodoma, aliikuza ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana yanayochezwa jukwaani, na kitabu chake Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, baada ya yeye kufariki mwaka 1969. Wako waliolalamika kwamba ngonjera nyingi zilikuwa na jawabu linalojulikana tangu ubeti wa kwanza: mjinga anauliza, mwerevu anamjibu, mjinga anakubali. Lalamiko hilo lina haki. Fumbo ambalo jawabu lake limekwisha pangwa si fumbo tena. Hata hivyo ngonjera iliwasimamisha maelfu ya watoto mbele ya watu na kuwafundisha kusema bila ya kutetemeka.

Ili tuelewe hatari ya jawabu lililopangwa, yafaa tutazame yaliyotokea Marekani katika miaka hiyo ya katikati ya karne ya 20. Huko, mwaka 1950, televisheni ilianza kuonyesha mchezo ulioitwa What's My Line? Watu mashuhuri wanne waliketi pamoja, miongoni mwao mwigizaji Arlene Francis, mwandishi wa habari Dorothy Kilgallen na mchapishaji wa vitabu Bennett Cerf. Mgeni aliingia, nao wakajaribu kuifumbua kazi yake kwa kuuliza maswali ya ndiyo au hapana. Alipokuwa mtu maarufu, walifungwa vitambaa machoni. Kila "hapana" ilimpa mgeni dola 5, na jumla haikuzidi dola 50. Mchezo huo uliendelea hadi 1967, na Wamarekani wengi waliupenda kama sisi tulivyoyapenda mambo ya barazani. Tuzo ilikuwa ndogo. Utamu ulikuwa katika kumtazama mtu mwerevu akitafuta.

Lakini michezo mingine huko iliweka fedha nyingi mezani. Katika mchezo wa Twenty-One, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Charles Van Doren alijikusanyia zaidi ya dola 120,000 na kuwa kipenzi cha taifa. Mwaka 1959 alikiri mbele ya kamati ya Bunge la nchi yake kwamba alikuwa akipewa majibu kabla ya mchezo. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya kukataza udanganyifu huo. Watu walioumia zaidi si walioshindwa fedha, bali watazamaji waliokuwa wamefurahia akili ya mtu na kumbe wametazama maigizo.

Tusijione watakatifu kwa mfano huo. Nasi tulikuwa na mashindano yaliyoelemewa na mali. Vyama vya beni vya Marini na Arinoti, vyenye vyeo vya kizungu na sare za kifahari, vilishindana katika miji ya pwani na ya bara kwa karamu zilizowaacha wengi na madeni. Wanawake wa Mombasa katika vyama vya lelemama, kama vile Ibinaal Watan na Banu Saada, walishindana hadi wengine wakaweka vipuli vyao rehani. Basi kasoro haitoki ng'ambo peke yake. Hutokea po pote tuzo inapokuwa kubwa kuliko mchezo.

Televisheni ilifika Zanzibar mapema, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi. Tanzania Bara ilichagua kuitanguliza redio, ambayo ingemfikia mkulima, kuliko chombo ambacho kingewafaa wachache wa mijini. Vituo vya binafsi vilianza mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Kisha tukapata majopo yetu ya kwenye kioo. Katika mashindano ya kuimba ya Bongo Star Search, majina ya waamuzi, kama Rita Paulsen, Master J na Salama Jabir, yalitajwa mitaani kuliko ya washindani wengi. Vijana waliwaigiza kama sisi tulivyoigiza sauti za redio. Hapana ubaya katika hilo. Taifa linalokumbuka pamoja linacheka pamoja, na kijana wa kijijini kupewa jukwaa mbele ya nchi nzima ni faida ambayo mkeka wa bibi usingeweza kuitoa.

Hasara iko mahali pengine. Mkekani hapakuwa na watazamaji. Aliyekaa alikuwa mshindani, na zamu yake ilikuwa inakuja. Mbele ya kioo mamilioni wanakaa na wachache wanacheza. Mtoto wa leo anaweza kumaliza mwaka mzima akitazama watu wakijibu maswali bila ya yeye mwenyewe kuulizwa hata moja, wala kudaiwa mji.

Kurekebisha jambo hili hakuhitaji bajeti. Bagamoyo ndiko iliko taasisi yetu ya sanaa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na tamasha lake limewakutanisha wasanii kwa miaka mingi; lakini taasisi moja haiwezi kuutunza mchezo ambao makao yake ni kila nyumba. Mwalimu anaweza. Nusu saa kwa juma yatosha, darasa likae kwa duara, wanafunzi wategeane, na wanaoshindwa watoe mji. Mshindi asipewe kalamu wala fedha. Na apewe Kilwa, au Kigoma, au Bukoba, kisha asimame auelezee mji huo kwa dakika tatu. Asipoujua, na aende kuutafuta katika vitabu na kwa wazee, aje kuusimulia juma lijalo. Kwa njia hiyo mwanafunzi wa Saadani ataifahamu nchi yake yote, mji baada ya mji, na hakuna atakayeweza kumuuzia jawabu.