Mbwa wa nasaba huandaliwaje kwa mashindano?

MBWA wa nasaba haandaliwi siku moja kabla ya mashindano. Kile anachokiona jaji ugani kwa dakika chache ni matokeo ya miezi mingi ya lishe, mazoezi na malezi.

Watazamaji wengi hudhani kwamba mbwa hushindanishwa kwa urembo. La hasha! Kila aina ya mbwa ina kigezo kilichoandikwa, kinachoeleza kimo, umbo la kichwa, meno, rangi, mwendo na hata hulka. Jaji hutafuta mbwa anayekikaribia kigezo hicho zaidi ya wenzake. Kwa hivyo, kazi ya kwanza ya mwenye mbwa ni kukisoma kigezo kwa makini, kisha kumkagua mbwa wake bila upendeleo.

Mfano mwafaka ni Rhodesian Ridgeback, mbwa wa Kiafrika aliyetumiwa zamani katika uwindaji wa simba. Kigezo chake kiliandikwa mwaka wa 1922 mjini Bulawayo, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Dume hutarajiwa kuwa na kimo cha sentimita 63 hadi 69 begani, na jike sentimita 61 hadi 66. Alama yake kuu ni ukanda wa manyoya mgongoni yanayoelekea upande wa mbele, kinyume na manyoya mengine. Ukanda huo huanza nyuma ya mabega kwa miviringo miwili inayofanana, kisha hupungua upana hadi kwenye nyonga.

Jambo la pili ni usajili. Mbwa asiye na hati za nasaba hawezi kushindania tuzo za aina yake. Nchini Kenya, shughuli hiyo husimamiwa na East Africa Kennel Club, ambayo imekuwa ikiandaa maonyesho yake katika uwanja wa Jamhuri, Nairobi.

Afya ndiyo msingi wa yote. Mbwa apewe chanjo zote, ikiwemo ya kichaa cha mbwa, apewe dawa ya minyoo na akingwe dhidi ya kupe. Ridgeback dume hutarajiwa kuwa na uzani wa takriban kilo 36.5, na jike kilo 32. Matembezi ya kila siku hujenga misuli, lakini mbwa mchanga asikimbizwe kupita kiasi kabla mifupa yake haijakomaa.

Mafunzo huanza akiwa angali mdogo, kwa vipindi vifupi vya dakika chache. Afunzwe kusimama tuli, kutembea kwa mwendo wa wastani upande wa kushoto wa mshikaji, na kukubali kuguswa na mgeni. Jaji atamfunua midomo ili akague meno, ambayo ni 42 kwa mbwa mzima, kisha ampapase mabega na mbavu. Dume huangaliwa iwapo ana korodani zote mbili. Mbwa anayetaka kuuma huondolewa ugani.

Usafi hutegemea aina. Ridgeback, mwenye manyoya mafupi, huhitaji kusuguliwa kwa glavu ya mpira na kuogeshwa siku mbili au tatu kabla ya mashindano. Poodle, kwa upande mwingine, huhitaji fundi anayejua mitindo ya kukata manyoya yake. Kucha za mbwa yeyote zipunguzwe kidogo kidogo, kwa sababu ndani yake mna mshipa wa damu.

Siku yenyewe, mwenye mbwa afike mapema, abebe maji na kitu cha kuleta kivuli, na amlishe mbwa chakula kidogo tu.

Hata hivyo, kuandaa si kuficha. Maonyesho haya yanakusudiwa kutambua mbwa wanaofaa kuzaa kizazi kijacho, na kasoro iliyofichwa hurithiwa na watoto. Baadhi ya Ridgeback huzaliwa na kijitundu kama mrija, kinachoanzia ngozini na kuzama kuelekea uti wa mgongo. Kinaweza kuingia usaha na kumletea mbwa mateso makubwa. Mwaka wa 2007, watafiti walionyesha kwamba badiliko la jeni linaloleta ukanda wa mgongoni ndilo pia linalomweka mbwa katika hatari ya tatizo hilo, hasa akilirithi kwa wazazi wote wawili. Yaani alama inayosifiwa ugani ina gharama yake, na watoto wasio na ukanda, ambao baadhi ya wafugaji walikuwa wakiwaua, aghalabu huepukana na maradhi hayo.

Daktari wa mifugo aliyezoea kazi hiyo anaweza kukitambua kijitundu hicho kwa kupapasa shingo na mgongo wa mbwa angali mdogo. Kinaweza kuondolewa kwa upasuaji, lakini mbwa huyo hafai kuzalishwa, hata awe amependeza vipi. Cha kuvunda hakina ubani.