Kwa nini waokoaji hawampandishi mtu kwa kamba moja

Mtu akitumbukia kisimani, au akikwama ndani ya duara la wachimbaji wadogo, kitu cha kwanza majirani wanachotafuta ni kamba. Ikipatikana moja nene, hufungwa kwenye mti au hushikwa na vijana kumi, na kazi inaanza. Mara nyingi mtu hutoka salama, na ndiyo sababu desturi hii imedumu. Lakini waokoaji waliofunzwa, hata wakija na kamba yenye nguvu mara nyingi kuliko ile ya kijijini, hawamtundiki mtu shimoni mpaka wafunge na kamba ya pili. Wanaosubiri juu huona kama muda unapotezwa. Katika makala hii tunaeleza kamba hiyo ya pili kazi yake ni nini.

Kwanza tuondoe dhana moja: haifungwi kwa sababu ya kwanza ni dhaifu. Kamba za uokoaji zimesukwa kwa nyuzi za nailoni au poliesta zilizofunikwa kwa ala ngumu inayokinga kiini. Kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 1891 kinataka kamba ya aina A ihimili kilonyutoni 22, yaani uzito unaozidi tani 2. Shirika la viwango vya zimamoto la Marekani, NFPA, linataka kilonyutoni 40 kwa kamba za matumizi ya jumla, karibu tani 4. Mgonjwa, machela na mwokoaji anayemsindikiza, kwa pamoja, ni kama kilo 200. Kamba moja mpya inawabeba bila shida. (Kamba ya katani ni habari nyingine kabisa: huoza ndani huku nje ikionekana nzima, na haifai kumbeba mtu.)

Hatari iko pengine. Kamba iliyobeba mzigo ikisuguana na ukingo wa jiwe au bati, hukatika kirahisi kuliko iliyolegea. Jiwe huporomoka na kuipiga. Mti ulioaminiwa hung'oka kwa sababu udongo umelowa. Fundo limefungwa vibaya usiku. Mshika kamba ameteleza. Mambo haya yote hayajali kama kamba ni ya tani 2 au tani 4.

Kwa hiyo kamba ya pili ina sharti moja kubwa: isihusiane na ya kwanza kwa lolote linaloweza kuharibika. Ifungwe mahali pengine, ipite kwenye kifaa chake yenyewe, ishikwe na mtu mwingine, na ikutane na ya kwanza kwa mgonjwa tu. Ukifunga kamba mbili kwenye mti mmoja mbovu, bado una kamba moja. Ukizipitisha zote kwenye roda moja iliyoning'inizwa kwa pini moja, vilevile. Hapa ndipo tunapoona watu wengi wakidanganyika, kwa sababu kwa macho kamba ni mbili.

Zipo njia mbili za kuzipanga. Ya zamani, ambayo bado inafundishwa, ni kamba kuu inayobeba uzito wote na kamba ya usalama inayofuata ikiwa imelegea kidogo. Ya usalama hupitishwa kwenye kifaa cha breki, au kwenye vitanzi viwili vya kamba nyembamba vilivyozungushwa juu ya ile nene. Mtu huviendesha kwa mkono, na mshtuko ukitokea hung'ang'ania. Miaka ya 1980 waokoaji wa milimani wa jimbo la British Columbia, Kanada, waliweka jaribio gumu la mifumo hiyo: mzigo wa uzito wa watu uliachiwa udondoke mita 1 kwenye kamba ya mita 3, kisha wakapima breki imeusimamisha baada ya umbali gani na kwa nguvu kiasi gani. Mbinu kadhaa zilizokuwa zikiaminika zilishindwa.

Udhaifu wa njia hii ni ulegevu wenyewe. Kamba yoyote hurefuka inapopokea mzigo. Chukua kisima cha mita 40: kamba ikirefuka kwa asilimia 5 tu, mtu ameshuka mita 2 kabla ya kusimama, bila kuhesabu ulegevu uliokuwepo. Mita 2 chini yake huenda kuna mwamba au maji.

Ndiyo maana vikosi vingi vimehamia njia ya pili, ya kuzikaza kamba zote mbili tangu mwanzo ili kila moja ibebe nusu. Kirk Mauthner wa Kanada ni miongoni mwa waliofanya majaribio mengi juu yake. Moja ikikatika, nyingine tayari imekazwa na tayari imerefuka sehemu kubwa, hivyo mgonjwa hushuka kidogo tu. Faida nyingine ni ya kibinadamu: mshika kamba ya usalama iliyolegea anaweza kusinzia kwa saa nzima bila mtu kugundua, ilhali mwenye kamba iliyobeba mzigo anausikia mkononi kila dakika. Wapo wanaopinga wakisema kamba mbili zilizokazwa zinaweza kukatwa na ukingo mmoja. Hoja hiyo ni ya kweli, na jibu lake ni kuzitenganisha na kufunika ukingo kwa turubai nene au kwa magurudumu maalumu.

Kupandisha ni kugumu kuliko kushusha. Kwa kupanga roda ili mzigo ubebwe na mistari mitatu ya kamba, kilo 200 huvutwa kwa nguvu ya kama kilo 67. Msuguano huongeza kidogo. Gharama yake ni kwamba ili mtu apande mita 1 lazima mvute mita 3. Kamba mbili zikikazwa, kila upande una roda zake na wavutaji wake, na wote huenda kwa mwendo mmoja. Upande mmoja ukiwahi, mzigo wote umeuhamia.

Nguvu hiyo ya roda ina ubaya wake. Mguu wa mgonjwa ukinasa kwenye ukuta wa shimo, wavutaji kumi hawasikii tofauti. Wanaendelea kuvuta mpaka kitu kivunjike, na mara nyingi kitakachovunjika ni mguu. Kuvuta kwa gari ni vibaya zaidi, maana dereva hasikii chochote. Kwa sababu hiyo amri hutolewa na mtu mmoja, lakini neno “simama” linaweza kusemwa na yeyote. Pasipo redio hutumika filimbi: mlio 1 ni simama, 2 ni juu, 3 ni chini, 4 kamba iko huru, na mlio mrefu usiokatika ni hatari.

Filimbi ina kazi nyingine pia. Kabla mtu hajaning'inizwa, kiongozi huuliza: nikipuliza sasa, na kila aliyeshika kamba akaachia mikono, je, mzigo utaanguka? Jibu likiwa ndiyo, mfumo unafungwa upya. Kundi la vijana kumi wenye misuli linashindwa jaribio hili hapo hapo. Nyuki wakitokea, au ukingo ukianza kumomonyoka chini ya miguu yao, mikono yote inaachia kwa pamoja.

Kwa walio mbali na kikosi, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hapa Tanzania, na useme shimo lina kina gani na kama mtu anajibu. Asishuke mwingine kumfuata, kwa kuwa visima na maduara huweza kukosa hewa, na anayeshuka huzimia kabla hata ya kufika chini. Sogeza watu na magari mbali na ukingo, kwani uzito wao ndio unaobomoa udongo. Mtu mmoja alale kifudifudi, ajifunge kamba iliyofungwa mbali nyuma yake, na aendelee kuongea na aliye chini. Waokoaji wakifika watamuuliza yeye kwanza.