Fifi, tifutifu na maneno ya vidole

Wiki hii naomba tuiweke kando siasa na bei ya mafuta, tuzungumze habari ya maneno madogo ambayo watu wengi huyaona kuwa ni ya utani au ya watoto. Nayo ni maneno kama tepetepe, rojorojo, chepechepe na tifutifu. Ukisema mwanafunzi kalowa, umetoa taarifa. Ukisema kalowa chapachapa, hata msikilizaji aliyeko mahali pa ukame anahisi shati limemganda mgongoni.

Wanaosifika duniani kwa maneno ya namna hii ni Wajapani. Wanalo kundi wanaloliita giongo, yaani maneno yanayoigiza sauti, na jingine liitwalo gitaigo, ambalo huigiza hali isiyo na sauti kabisa, ukiwemo mguso. Kitu kikavu na laini kinachopita mkononi kama mchanga mkavu ni sarasara. Badili s iwe z, upate zarazara, na mara moja kitu hicho kimekuwa cha kukwaruza kama msasa. Utelezi wa kambare kwao ni nurunuru, na kinachonata na kuvutika kama mlenda ni nebaneba. Mwaka 2007 kampuni ya Shogakukan ya Tokyo ilichapisha kamusi ya maneno ya aina hii peke yake, iliyohaririwa na Ono Masahiro, yenye maneno yapatayo 4,500. Wala hayaishii kamusini. Watengenezaji wa vyakula na vipodozi huko Japani huyatumia kuuza na kueleza bidhaa zao, bila mtu kuwaambia kuwa wanaongea kitoto.

Sisi je? Hatuko mikono mitupu. Uji ukizidi uzito ni rojorojo. Nyama iliyoiva sawasawa ni teketeke. Kamba ikifungwa kwa nguvu imefungwa ndindindi, na samaki aliyekaushwa vizuri amekauka kau. Tuna pia vitenzi vya vidole ambavyo lugha nyingi zingevionea wivu: kupapasa si kutomasa, kutomasa si kubofya, na kubofya si kufinya. Huko kubofya, ambako wazee walikujua kwa kujaribu embe kama limeiva, leo ndiko vijana wanakotumia kwa kompyuta. Na ukakasi, ile hali ya ndizi mbichi kukaza ulimi na meno, siku hizi umehamia bungeni: mheshimiwa akisema jambo lina ukakasi, hakuna anayeuliza maana yake.

Wataalamu walichelewa kuyapa maneno haya heshima yake. Waandishi wa kwanza wa sarufi za lugha zetu waliyatia kwenye kapu la vielezi, pamoja na jana, kesho na polepole. Mwaka 1935 Clement Doke, mtaalamu wa lugha aliyefanya kazi Johannesburg, katika kitabu chake cha istilahi za lugha za Kibantu, aliyaita ideofoni na kusema kuwa ni aina ya maneno inayojitegemea. Bibi Ashton naye, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, aliyatengea mahali. Wenzetu wa Kenya huyafundisha tangu shule ya msingi kwa jina la tanakali za sauti. Jina zuri, ingawa mimi naona linayapunja, kwani tepetepe haina sauti yoyote inayoigizwa. Inaigiza vidole.

Kuna jambo la ajabu lililopata kufanyika hapa hapa nchini. Mwaka 1961 mtafiti wa Kiingereza, R. Davis, alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa watoto wa rasi ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, waliokuwa wakizungumza Kiswahili na Kitongwe. Waliwekewa michoro miwili, mmoja wenye ncha kali na mwingine wa mviringo mviringo, wakapewa majina mawili yasiyo na maana yoyote, takete na uloomu, wachague lipi ni la upi. Wengi walimpa takete yule wa ncha kali, sawa na watoto wa Uingereza. Kumbe sikio na ngozi vina mapatano yao, bila kujali mtu kazaliwa wapi. Mapatano hayo lakini si sheria ya serikali: teketeke yetu imejaa t na k kama takete, na bado ni laini.

Sasa nije kwetu Kanda ya Ziwa, maana hapa maneno ya vidole yamewahi kuwa fedha.

Kila aliyepita shule ya msingi anakumbuka aina za udongo: kichanga, mfinyanzi na tifutifu. Tifutifu ni neno lile lile la vumbi laini linalotifuka unapokanyaga, na leo limo katika vitabu vya serikali. Limepanda cheo. Lakini neno lililowaumiza na kuwainua wakulima wa Usukumani ni jingine: fifi.

Pamba ya mkulima ilitakiwa kuchambuliwa nyumbani na kuwekwa mafungu mawili. Fungu la kwanza liliitwa safi. La pili, lenye madoa, uchafu au nyuzi zilizodhoofika, liliitwa fifi, ndugu yake kufifia. Bei zilikuwa mbili. Familia nzima ilikaa chini ya mti ikichambua, watoto wakitumwa kutoa vijani vilivyokauka, kwa sababu gunia moja kuhama kutoka safi kwenda fifi lilikuwa ni karo au shuka la mama.

Kuhusu uzito, wakulima walipigana na wakashinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 vyama vyao, Paul Bomani akiwa mbele, viliweka watu wao wenyewe vituoni wa kuchunga mizani ya wanunuzi, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano mkubwa wa Victoria Federation of Co-operative Unions, wenye makao hapa Mwanza. Mizani ikapata mashahidi. Mkono wa mnunuzi uliozama guniani na kutoka na hukumu ya fifi ulikuwa mgumu zaidi kushuhudiwa. Mkulima asiyeweza kueleza ubora wa pamba yake kwa maneno yanayokubalika alibaki kunung'unika njia nzima.

Tuseme kweli, wakulima nao hawakuwa malaika. Wapo waliomwagia pamba maji ikawa chepechepe, na waliotia mchanga gunia liwe zito. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1994, wanunuzi wakawa wanakimbizana, na vituo vingi vikanunua kila kitu kwa bei moja. Nani angepoteza siku chini ya mti akichambua? Fifi ikachanganywa na safi, na pamba ya Tanzania, iliyokuwa ikipata bei ya ziada huko nje kwa ubora wake, ikapoteza sifa hiyo.

Nilipokuwa naanza utangazaji, mhariri mmoja alinikatia neno chepechepe katika taarifa ya pamba, akaandika juu yake kwa wino mwekundu: yenye unyevunyevu uliokithiri. Nikasoma hivyo hewani. Mpaka leo naamini neno langu lilikuwa sahihi zaidi, kwani pamba chepechepe hukamuliwa ikatoa maji, na hilo ndilo lililokuwa limetokea.

Ukitaka kuyasikia maneno haya yakifanya kazi, nenda mwaloni Kirumba asubuhi, penye dagaa. Dagaa aliyeanikwa mchangani humkwaruza mlaji meno, na aliyeanikwa kwenye chanja hana habari hiyo, na bei zao si moja. Mizani inataja kilo tu. Yaliyobaki husemwa kwa mdomo na kuthibitishwa kwa vidole. Mteja anazamisha mkono guniani, anakunja uso ili ashushiwe bei.

"Mama, hawa bado tepetepe."

Mama hajibu kwanza. Anachukua dagaa wawili, anawavunja karibu na sikio la mteja, kacha, kacha.

"Baba, tepetepe hulia hivi?"