Matatu (neno)

Matatu ni gari la abiria la watu binafsi nchini Kenya. Jina lilizaliwa Nairobi karibu na miaka ya uhuru, ila mzizi wake ni Kikuyu, lugha ya Nyeri, Karatina na Murang'a. Maelezo yaliyoenea zaidi hulihusisha na "mang'otore matatu", yaani sarafu tatu za senti 10: nauli ya wakati huo ilikuwa senti 30.

Waswahili walilipokea bila taabu, kwani hata wao huhesabu mayai matatu. Idadi ikageuka nomino ya ngeli ya I-ZI: matatu imejaa, matatu zimegoma.

Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu, nazo zikaongezeka kwa kasi.

Februari 2004 zilianza kutekelezwa kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki, mbunge wa Kangema: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni. Wananchi waliziita "Sheria za Michuki".

Leo, kutoka Nyeri hadi Nanyuki, matatu nyingi zimo katika "sako", neno lililotokana na kifupi cha Kiingereza cha chama cha akiba na mikopo.